Galaksi za redio: shimo jeusi halimezi tu

Watu husema: "Shimo jeusi humeza kila kitu, hakuna kinachotoka." Kilichokwisha kuvuka mpaka wake hakirudi, hilo ni kweli. Lakini galaksi za redio, yaani zile zinazotoa mawimbi makali ya redio, zina mikondo ya chembe inayotoka kitovuni, na mikondo hiyo haitoki ndani ya shimo. Huanzia nje ya mpaka huo, kwenye gesi inayozunguka kwa kasi kabla ya kumezwa. Uga wa sumaku, ukisokotwa na mzunguko wa gesi na wa shimo lenyewe, hurusha chembe pande mbili zinazopingana, kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Mwanaastronomia Heber Curtis aliuona mkondo wa galaksi ya M87 mwaka 1918, na wakati huo hakuna aliyejua chanzo chake. Picha ya kivuli cha shimo la M87, lenye uzito wa Jua letu mara bilioni 6.5, ilitolewa mwaka 2019.

"Galaksi za redio zinapiga kelele." Hapana. Mawimbi ya redio ni mwanga usioonekana kwa macho, unaotolewa na elektroni zinapojipinda kwenye uga wa sumaku. Ndiyo maana darubini ya kawaida haioni sehemu kubwa ya umbo la galaksi hizi. Galaksi ya Centaurus A, kwa mfano, huonekana kama duara lenye ukanda wa vumbi, lakini kwa redio mawingu yake, yaliyojazwa na chembe za mikondo, yametanda angani kuzidi miezi mpevu 15 iliyopangwa mstari.

Dhana inayopotosha zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba kila umbo la galaksi ya redio lina shimo la aina yake. Mwaka 1974, wanaastronomia Fanaroff na Riley walizigawa galaksi hizi makundi mawili: zenye mikondo inayong'aa karibu na kitovu kisha kufifia, na zile kama Cygnus A, zinazong'aa zaidi kule mwisho, mikondo inapogonga gesi ya nje. Tofauti hiyo hutokana na nguvu ya mkondo pamoja na gesi inayoukabili njiani. Pembe nayo ina lake: mkondo unaotujia huonekana mkali, ule unaotukimbia hufifia, na ndiyo sababu M87 hudhaniwa ina mmoja tu. Galaksi ikikatiza gesi moto ndani ya kundi la galaksi, mikondo yote miwili hupeperushwa nyuma ikawa mikia.

Galaksi za redio zenye umbo la X, watu huharakisha kusema ni mashimo mawili yaliyoungana. Huenda baadhi ni hivyo. Ila darubini ya MeerKAT ya Afrika Kusini ilipoipiga picha PKS 2014-55, galaksi yenye umbo hilo, matokeo yakatangazwa mwaka 2020, ilionekana gesi ya mikondo ikirudi nyuma na kupindishwa na galaksi yenyewe, kama maji ya bomba yanayogonga ukuta.

Na ukubwa wa shimo pekee hautoshi: yako makubwa mno yaliyo kimya kwa kukosa gesi ya kutosha.

Wala mawingu yanayong'aa si ushahidi kwamba shimo linafanya kazi sasa. Mikondo ikikatika, mawingu huendelea kung'aa kwa mamilioni ya miaka. Elektroni zenye nishati kubwa ndizo huchoka kwanza, kwa hiyo mawimbi mafupi hufifia mapema kuliko marefu, na wanaastronomia hukadiria umri wa mawingu kutokana na tofauti hiyo.