Je, wajua ni nini kinachoiumbua treni ya modeli kwenye picha?

Chukua kichwa cha treni cha modeli kilichotengenezwa kwa ustadi: ribiti zake (vile vichwa vya misumari inayounganisha mabati) zinahesabika, kutu imepakwa kwa brashi nyembamba kama sindano, hata namba ubavuni inasomeka. Kiweke kwenye reli zake, kipige picha, kisha mwonyeshe mtu asiyejua lolote kuhusu treni. Kabla hujamaliza kumuuliza, atakwambia ni kitu cha kuchezea. Amejuaje?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba fundi amesahau kitu: kishikio fulani hakipo, rangi inang'aa mno, magurudumu ni manene. Basi mwenye modeli anarudi mezani, anaongeza vishikio, anapunguza mng'ao, anapiga picha upya, na bado inaonekana ya kuchezea. Hapo lawama huhamia kwenye kamera. Simu haitoshi, anajisemea, inatakiwa kamera kubwa yenye lenzi ya kutisha. Anainunua, na picha zinatoka mbaya kuliko zile za simu.

Kama kosa lingekuwa kwenye vipengele vidogo vidogo, basi kitu halisi, chenye kila kipengele mahali pake, kisingeweza kamwe kuonekana cha kuchezea. Kumbe kinaweza, tena kwa urahisi. Huenda umewahi kuona picha ya mji iliyopigwa kutoka juu ya ghorofa, ambapo ukanda mwembamba wa katikati tu ndio unaoonekana vizuri, na sehemu za juu na chini zimefifia. Mabasi ni ya kweli, watu wanaovuka barabara ni wa kweli, na bado macho yanakataa katakata. Yanaona mji wa plastiki. Mwaka 2010 Robert Held na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti kuhusu jambo hilihili. Watu walionyeshwa picha za miji zilizofifishwa kwa viwango mbalimbali na kuombwa wakadirie umbali. Ufifi ulipoongezwa kwa mpangilio unaofaa, majengo yaleyale yalionekana kuwa karibu zaidi, na kwa hiyo madogo zaidi.

Kwa hiyo anayetoboa siri ni ufifi. Fundi wa modeli hana hatia, au tuseme hatia yake ni ndogo kuliko anavyodhani.

Hapa pana tahadhari moja. Ufifi peke yake hausemi kitu kiko umbali gani. Ubongo huusoma pamoja na dalili nyingine, hasa mistari ya barabara na majengo inavyokaribiana kadiri inavyoenda mbali. Ndiyo maana picha ya bibi harusi ambayo nyuma yake pamefifia haimgeuzi kuwa mwanasesere: uso wake unaonekana uko kama mita mbili kutoka kwa mpiga picha, na kwa umbali huo ufifi wa aina hiyo ni wa kawaida kabisa. Treni nzima yenye ufifi wa namna hiyo ndiyo isiyoingia akilini.

Ufifi huo unatoka wapi? Kila nukta ya kitu hurusha mwanga pande zote, na ule unaoingia kwenye kamera huwa na umbo la faneli: ncha iko kwenye nukta yenyewe, mdomo uko kwenye tundu la lenzi. Ndani ya kamera mna faneli ya pili iliyogeuzwa, mdomo kwenye lenzi na ncha ikielekea kwenye sensa, kile kibamba kinachopokea mwanga. Ncha ikitua juu ya sensa barabara, nukta inatoka nukta. Lakini kama nukta ile ilikuwa mbele au nyuma ya pale ulipolenga, ncha inatua pasipo pake, na sensa inaikata faneli mahali ilipokwisha kuwa pana. Badala ya nukta unapata duara, na maduara maelfu yakilaliana ndiyo huo ufifi. Faneli nene hupanuka upesi, hivyo kosa dogo la umbali hutoa duara kubwa. Faneli nyembamba unaweza kuikata mbali na ncha na duara lake likabaki dogo kiasi kwamba macho yanalichukulia kuwa nukta.

Unene wa faneli hiyo hutegemea upana wa tundu na umbali wa kitu, na hapa ndipo modeli inapoponzwa. Skeli inayopendwa zaidi duniani kwa treni za modeli, HO, ni ya 1:87. Mtengenezaji amepunguza kila kitu mara 87: reli, mabehewa, abiria, umbali kati ya stesheni na mti. Kitu kimoja tu hakikupunguzwa, nacho ni kamera. Lenzi ya milimita 50 (huo ni urefu wake wa fokasi, si upana) iliyowekwa f/8, yaani urefu huo ukigawanywa kwa 8, ina tundu la takriban milimita 6. Zidisha mara 87. Katika ulimwengu wa treni ile umeshika lenzi yenye tundu la zaidi ya nusu mita! Hakuna anayepiga picha za treni halisi kwa lenzi kama hiyo. Na hao abiria wa plastiki wangekuwa na akili wangekuona wewe mwenyewe kuwa jitu lenye urefu wa karibu mita 150, lenye mboni za upana wa sentimita 26.

Tazama inavyokuwa kwa tarakimu. Weka lenzi hiyohiyo, kwenye kamera yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, sentimita 30 kutoka kwenye modeli. Sehemu inayoonekana vizuri ina kina cha takriban milimita 14, ambazo kwa skeli ni mita moja na robo. Taa ya mbele inaonekana safi, mlango wa dereva umeshaanza kuyeyuka. Sasa nenda kwenye treni halisi, simama mita 26, yaani sentimita 30 zilezile mara 87, na usibadilishe chochote kwenye kamera. Kila kitu kuanzia kama mita 7 na nusu hadi upeo wa macho kinaonekana vizuri. Ubongo umezoea picha za aina hii ya pili tangu utotoni, na ukiletewa ile ya kwanza hauhitaji kuhesabu ribiti.

Dawa, basi, ni kupunguza tundu. Ukilifinya hadi f/22, kina kinafika karibu sentimita 4, sawa na mita tatu na nusu za treni. Ni nafuu, lakini kichwa kimoja cha treni kina urefu wa mita 15 hadi 20, na bado hujagusa behewa. Kufinya zaidi ya hapo kunaleta balaa jingine, kwa sababu mwanga unaopenya kwenye tundu dogo mno hutawanyika, tabia inayoitwa difraksheni. Kwa f/22 kila nukta ya mwanga wa kijani, hata iliyolengwa barabara, inageuka doa la takriban milimita 0.03, wakati pikseli za kamera nyingi za aina hiyo zina upana wa kama milimita 0.006. Picha nzima inakuwa na ukungu mwepesi, sawasawa kila mahali. Ajabu ni kwamba ukungu huo wa kila mahali hauiumbui modeli hata kidogo. Unaifanya picha ionekane imepigwa na kamera mbovu, si kwamba treni ni ndogo, na wapo wanaoridhika hapo.

Wasioridhika hutumia njia ya kurundika picha. Kamera inafungwa kwenye stendi ya miguu mitatu, tundu linawekwa f/8 au karibu na hapo, kisha zinapigwa picha nyingi, kila moja ikilengwa nyuma kidogo ya iliyotangulia, kuanzia jiwe la mbele kabisa hadi milima iliyochorwa ukutani. Programu kama Helicon Focus au Zerene Stacker huchukua kutoka kila picha kile kipande kilicho safi na kuviunganisha vyote. Matokeo ni picha ambayo lenzi ya kawaida haiwezi kuipata kwa pigo moja. Ina maudhi yake, hasa kwenye nguzo na nyaya zilizo karibu na lenzi. Waya wa mbele unapofifia hutanda juu ya kilicho nyuma yake, na programu ikikosa la kufanya huacha utepe wa ukungu pembeni mwa waya. Wengi huing'oa nguzo ya mbele kabla ya kuanza, na treni haijawahi kulalamika.

Sasa turudi kwenye ile simu iliyodharauliwa. Lenzi yake ni fupi, hivyo hata tundu lake likiandikwa f/2 upana wake halisi ni milimita chache tu. Ile kamera yake ya pembe pana zaidi mara nyingi huwa na tundu la kama milimita moja, sawa na sentimita 9 kwenye ulimwengu wa HO. Tena simu ni nyembamba: unaweza kuilaza juu ya reli, jambo ambalo kamera kubwa haiwezi bila kubomoa stesheni. Ila zima ile modi ya potreti, ambayo kazi yake ni kufifisha nyuma, yaani kukurudishia kosa unalolikimbia.

Mmarekani Michael Paul Smith, aliyefariki mwaka 2018, alijulikana dunia nzima kwa picha za mji wa kubuni aliouita Elgin Park, na alizipiga kwa kamera ndogo ya kawaida. Aliweka magari ya modeli ya 1:24 juu ya meza nje, akaisogeza meza hadi ukingo wake ukutane na barabara, miti na nyumba halisi za mbali, akapiga. Hesabu ilikuwa upande wake: tundu la milimita 2 mara 24 ni milimita 48, ambao ni upana wa tundu la lenzi ya kawaida ya potreti.

Kutoka nje kulimpa faida nyingine, jua. Taa ya mezani ikiwa nusu mita kutoka kwenye kichwa cha treni na mita moja kutoka kwenye behewa la mwisho, kichwa kinapata mwanga mara nne zaidi ya behewa. Treni halisi haijawahi kupatwa na hilo, kwa kuwa jua liko kilomita milioni 150 na mabehewa yote kwake ni sawa. Vivuli navyo ni vivyo hivyo. Jua lina upana wa nusu digrii angani, na ukingo wa kivuli hupanuka kwa uwiano uleule, kiwe cha treni yenye kimo cha mita 4 au cha sentimita 4 na nusu. Pengine ndicho kitu pekee kwenye picha kisichohitaji kupunguzwa mara 87. Taa mbili za chumbani hutoa vivuli viwili, na sayari yetu ina jua moja.

Urefu wa kamera nao una neno. Macho ya mtu aliyesimama yako kama mita 1.6 kutoka ardhini, yaani milimita 18 kwa HO. Picha iliyopigwa na mtu aliyesimama kando ya meza ni picha ya helikopta, na kutoka juu ndiko ufifi unakosomeka vizuri zaidi, kama ule wa mji wa plastiki.

Ukishafanikisha hayo yote, vipengele vidogo hatimaye vinapata zamu yao. Unyuzi wa vumbi wa sentimita moja unakuwa kamba ya sentimita 87 iliyoangukia paani. Reli za modeli zenye kimo cha milimita 2.5 ni sawa na sentimita 22, wakati reli nzito za kweli huwa za kama 17 hadi 19. Chembe zinazometameta kwenye rangi ya gari hazikupunguzwa, hivyo kwenye gari la 1:43 huonekana kama changarawe. Na matairi: ya gari halisi hubonyea kidogo chini kwa uzito, ya modeli ni duara kamili kama hayajabeba kitu, kwa hiyo mafundi wengine huyapiga msasa upande wa chini kidogo kabla ya kuyaweka barabarani.