Marekani "inatambua" nini hasa kuhusu Taiwan?

Juzi asubuhi kwenye daladala redio ilikuwa inaunguruma, na mchambuzi mmoja akasema bila kupepesa macho: "Marekani yenyewe inatambua kwamba Taiwan ni sehemu ya China, ndiyo maana ya sera ya China Moja." Tulikuwa tumebanana mlangoni, hakuna aliyejibu kitu. Mimi nilikosa raha mpaka nashuka, maana sentensi hiyo nimeisikia mara nyingi mno, na karibu kila neno lake limekaa pasipo pake.

Maana kwanza, harakaharaka. Kuna vitu viwili vinavyofanana majina. Kanuni ya China Moja ni ya Beijing: China ni moja tu, Taiwan ni sehemu yake isiyotengeka, na serikali pekee halali ya China yote ni ile ya Jamhuri ya Watu wa China. Sera ya China Moja ni kitu kingine, na kila nchi ina yake. Ya Marekani imejengwa juu ya matamko matatu ya pamoja na Beijing (1972, 1979 na 1982), Sheria ya Uhusiano na Taiwan ya 1979, na ahadi sita ambazo Taipei, yaani serikali ya Taiwan, ilipewa mwaka 1982. Humo Marekani inaitambua serikali ya Beijing kuwa ndiyo serikali ya China. Taiwan ni ya nani, haijatamka.

Sasa tuje kwenye kitenzi, maana ndicho kinachonikera. "Kutambua" kwa Kiswahili kina mizigo miwili. Ukisema "natambua una hasira", umesema tu kwamba unajua. Lakini baba akimtambua mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, hapo jambo limegeuka: mtoto amepata jina. Serikali ikiitambua serikali nyingine, ni utambuzi wa aina hiyo ya pili. Kwa hiyo msikilizaji akiambiwa Marekani "inatambua kwamba Taiwan ni sehemu ya China", anaelewa ule wa baba na mtoto, ilhali kilichoandikwa kiko karibu zaidi na ule wa hasira.

Tamko la Shanghai la Februari 1972, lililotolewa Rais Nixon wa Marekani akimaliza ziara yake China, lilitumia kitenzi cha Kiingereza acknowledge: tumeusikia msimamo wenu, hatuupingi, lakini hatujasema ni wetu. Nakala ya Kichina ya mwaka huo iliandika renshi dao, yaani kufahamu. Ilipofika 1979, Kiingereza kilibaki kilekile, ila nakala ya Kichina ikaandika chengren, neno linalotumika pia kwa kuitambua serikali. Maseneta wa Marekani waliliona hilo wakauliza, wakajibiwa kwamba kinachoifunga Marekani ni Kiingereza. Mpaka leo kila upande unasoma nakala yake. Na sisi, bila kukusudia, "inatambua" yetu imeangukia upande wa chengren. Wako wanaojaribu kujirekebisha kwa kuandika "Marekani inakiri". Hiyo ni mbaya zaidi. Anayekiri amekubali kosa kizimbani.

Wengine nao walichagua maneno yao kwa mizani ya dhahabu. Kanada mwaka 1970 iliandika kwamba inauzingatia msimamo wa China. Japani mwaka 1972 iliandika kwamba inauelewa kikamilifu na kuuheshimu. Hakuna kati yao aliyeandika kwamba anakubaliana nao.

Kuna jambo jingine ndani ya tamko la 1972 ambalo hupitwa haraka. Linasema msimamo huo, kwamba China ni moja na Taiwan ni sehemu yake, ni wa Wachina wote wa pande mbili za Mlangobahari wa Taiwan. Wote? Nani aliwauliza? Wakati huo kisiwa kilikuwa chini ya Chiang Kai-shek, aliyekimbilia huko na serikali yake baada ya kushindwa vita na Wakomunisti China bara, na chini ya sheria za kijeshi zilizotangazwa 1949, ambazo hazikuondolewa hadi 1987. Wabunge waliochaguliwa China bara miaka ya 1947 na 1948 walikuwa bado wamekalia viti vyao Taipei, na wengine walivikalia mpaka 1991. Wakazi wa kisiwa walimchagua rais wao moja kwa moja kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Tangu hapo urais umehama chama kwa kura mara tatu: 2000, 2008 na 2016. Sentensi ile iliwasemea watu ambao hawakuwa na namna ya kuikataa.

Najua nitaulizwa: mbona Salim Ahmed Salim wetu alilimaliza hili Umoja wa Mataifa? Ni kweli Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowasilisha Azimio namba 2758, lililopita tarehe 25 Oktoba 1971 kwa kura 76 dhidi ya 35. Marekani haikumsahau balozi wetu. Mwaka 1981 kura zake za turufu zilimkosesha ukatibu mkuu. Lakini lisome azimio lenyewe, ni fupi. Linairudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti cha China na kuwatoa "wawakilishi wa Chiang Kai-shek". Neno Taiwan halimo. Beijing inasema azimio lilifunga mjadala wote. Taipei na Washington zinasema lilifunga mjadala wa kiti.

Pengine mkanganyiko unaanzia nyumbani. Dar es Salaam na Nairobi zimeikubali kanuni yenyewe ya Beijing. Kenya mwaka 2016 iliwapandisha ndege watu wa Taiwan ikawapeleka China bara badala ya kwao, na Taipei ikalalamika kwa sauti kubwa. Waziri wetu anaposema "sera ya China Moja" anamaanisha kanuni, na kwake hakuna tofauti. Msikilizaji anadhani ndivyo ilivyo kwa kila mtu.

Basi, ndugu mchambuzi, siku ukirudi hewani sema hivi: Marekani inaitambua serikali ya Beijing, na inaufahamu msimamo wake kuhusu Taiwan. Ni vitenzi viwili tu, wala havitakula muda wa matangazo.