Hoteli iliyojaa si lazima iwe inafanya vizuri

Wengi huamini kuwa hoteli iliyojaa ndiyo inayofanya vizuri. Si kweli. Yeyote aliye tayari kushusha bei anaweza kujaza vyumba. Kipimo kinachosema zaidi ni mapato ya vyumba yakigawanywa kwa vyumba vyote vilivyokuwapo, hata vilivyolala vitupu. Hoteli iliyojaa asilimia 90 kwa bei ya wastani ya dola 60 hupata dola 54 kwa kila chumba. Iliyojaa asilimia 70 kwa dola 100 hupata 70, tena ikiwa na mashuka machache ya kufua.

Na mwelekeo wa mapato hayo, yanapanda au yanashuka? Linganisha mwezi na mwezi uleule wa mwaka jana, si uliotangulia, maana msimu hudanganya. Hata hapo, chunga sikukuu zinazohama, kama Pasaka na Idi.