Melanchthon, mwalimu wa Wittenberg

Kila Oktoba 31, sharika za Kilutheri zikiadhimisha Matengenezo ya Kanisa, jina linalosikika ni Martin Luther. Sisi tunaofundisha historia ya kanisa tunajua kwamba kwa upande wa shule deni kubwa zaidi ni kwa Philipp Melanchthon.

Alifika Wittenberg, mji wa Ujerumani alikofundisha Luther, mwaka 1518, kijana wa miaka 21, kufundisha Kigiriki. Hotuba yake ya kwanza ilihusu namna ya kurekebisha masomo ya vijana. Uchungaji hakuupokea kamwe. Hadi anafariki mwaka 1560 alikuwa mwalimu tu.

Mwaka 1527 alikuwa miongoni mwa waliotumwa kukagua sharika za Saksonia, jimbo la Wittenberg. Hali ilitia aibu. Luther mwenyewe, katika dibaji ya Katekisimu Ndogo, kitabu chake cha mafundisho ya msingi, ya 1529, analalamika kuwa watu wamebatizwa na wanashiriki sakramenti, ilhali hawajui Sala ya Bwana, Imani (yaani ungamo la imani) wala Amri Kumi. Kanisa lilihitaji wahubiri, lakini hao wangetoka wapi bila shule?

Ndipo yakaja maelekezo ya wakaguzi ya 1528, yaliyoandikwa na Melanchthon, na sehemu yake ya mwisho ndiyo ninayopenda kuwasomea wanafunzi wangu. Watoto wagawanywe makundi matatu: wanaoanza kusoma, wanaojifunza sarufi, na waliokwisha kuimudu, ambao ndio watakaosoma Virgil na Cicero, waandishi wa Kilatini wa kale. Anayepandishwa ni aliyeiva, si aliyekaa muda mrefu. Saa ya kwanza baada ya adhuhuri wote waimbe, wakubwa kwa wadogo. Siku moja ya juma, Jumatano au Jumamosi, iwe ya mafundisho ya Kikristo, na mwalimu amsikilize kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, akikariri Sala ya Bwana, Imani na Amri. Aliyepitia darasa la kipaimara Moshi au Bukoba ataitambua siku hiyo mara moja!

Cha ajabu, profesa huyu wa Kigiriki anawakataza walimu kuwafundisha watoto Kigiriki. Kilatini kinatosha, anasema. Wanaorundika lugha juu ya lugha wanatafuta sifa zao wenyewe, si faida ya mtoto. Ningependa wapanga mitaala wausome ukurasa huo.

Miaka miwili baadaye aliandika Ungamo la Augsburg, tamko la imani ya Kilutheri, lililosomwa mbele ya Kaisari Karl wa Tano Juni 25, 1530. Luther, aliyekuwa amepigwa marufuku na dola, alibaki Coburg. Ungamo hilo bado ni msingi wa imani wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT).

Hata hivyo tusimpambe kupita kiasi. Mpango wake ulikuwa wa shule za Kilatini, yaani za wavulana. Shule za wasichana ziliwekwa na mwenzake Johannes Bugenhagen, katika utaratibu wa kanisa alioutungia mji wa Braunschweig mwaka huohuo wa 1528.