Kuchuja na kuchemsha hakuondoi floridi: michanganyiko na namna ya kuitenganisha

Kabla hujashika faneli wala kuwasha jiko, jiulize mchanganyiko ulio mbele yako ni wa aina gani. Mchanga na chumvi ni rahisi, kila punje unaiona. Maji ya tope yana chembe ndogo zinazoelea, nyingine haziko tayari kutuama hata ukisubiri mpaka kesho. Mmumunyo ndio mgumu: kilichoyeyuka kinapita kwenye kitambaa pamoja na maji yenyewe.

Mchanga wa Arusha unafaa sana kwa jaribio, maana umetokana na miamba ya volkano ya Meru na umebeba chembe nyeusi za magnetaiti, yaani oksidi ya chuma. Baada ya mvua hujipanga michirizi myeusi kando ya mitaro. Changanya gramu 10 za mchanga mkavu na gramu 10 za chumvi. Viringisha sumaku (hata ya spika mbovu inatosha) kwenye kipande cha nailoni, ipitishe juu ya mchanganyiko, kisha ivue nailoni juu ya karatasi: chembe nyeusi zitaanguka zenyewe. Ukitumia sumaku tupu, utakesha ukiikwangua. Mchanga ukiwa na unyevu, punje zinagandana na sumaku inazoa hata chumvi.

Kilichobaki kitie mililita 50 za maji. Mililita 100 huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi, kwa hiyo hizo zinatosha na ziada. Anayemimina nusu lita anajitafutia kazi ya kuchemsha mchana kutwa. Koroga, chuja, halafu suuza mchanga mara mbili kwa mililita 5 za maji. Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanashangaa chumvi imepungua, kumbe imebaki kwenye mchanga uliolowa. Chemsha maji yaliyochujika. Yakikaribia kuisha punguza moto, la sivyo chumvi itaruka na kukuunguza. Ukipima ukapata zaidi ya gramu 10, bado haijakauka, au mchanga umepenya.

Chembe za udongo kwenye maji ya tope zina chaji hasi, zinasukumana, ndiyo maana hazitui. Shabu huondoa msukumano huo, zikashikana na kuzama. Anza na gramu 1 kwa ndoo ya lita 20: koroga haraka dakika moja, kisha polepole dakika kumi, uache saa nzima. Ukikoroga kwa nguvu mwanzo mpaka mwisho, mabonge yanavunjika na tope linarudi.

Sasa floridi, madini ya majini yanayoleta ugonjwa wetu wa meno ya kahawia huku chini ya Mlima Meru. Imeyeyuka kabisa, haina rangi wala harufu, na shabu kidogo ile haitoshi kuiondoa. Kuchemsha ndiko kunakoharibu zaidi. Lita 4 zenye miligramu 3 kwa lita zikichemka mpaka zikabaki lita 3, sasa una miligramu 4 kwa lita. Maji yametoka, floridi imebaki. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kukeneka (kuchemsha maji na kukusanya mvuke wake ukipoa) kungeitenga vizuri, ila mkaa wake nani atanunua? (Ukikeneka maji Arusha mjini kipimajoto kitasimama karibu na nyuzi 95, si 100. Hakijaharibika, ni mwinuko.)

Njia iliyofanyiwa kazi katika kituo cha utafiti wa floridi cha Ngurdoto, karibu na Arusha, ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwenye hewa kidogo, husagwa, maji yakapitishwa taratibu. Floridi hunasa kwenye madini ya mfupa. Angalia rangi: mkaa mweusi au wa kijivu ni mzuri. Ukiwa wa kahawia haukuiva, maji yatanuka. Ukiwa mweupe umepitiliza moto, unanasa kidogo. Nao una ukomo: ukishiba, maji yanapita na floridi yake, safi kwa macho vilevile, hivyo peleka sampuli ikapimwe mara kwa mara, ujue lini pa kubadilisha.