Kuficha mawimbi ndani ya kelele: keosi inaweza nini na haiwezi nini

Wiki iliyopita kijana mmoja ninayemfundisha mambo ya redio alinijia na swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi: "Injinia, kama mawimbi ya keosi yanafanana na kelele na hayajirudii, si tuyatumie kufichia mawasiliano, habari za kusimba ujumbe tuachane nazo?" (Keosi, yaani chaos, ni mfumo unaofuata kanuni kamili ila ukigusa mwanzo wake kidogo tu matokeo yanaenda kwingine kabisa; kusimba ni kugeuza ujumbe usisomeke bila funguo.) Nikamwambia hapana mdogo wangu, ila jibu kamili ni refu na mi nalipenda sana, ndo naliandika hapa.

Tuanze na kutawanya mawimbi. Nakaa Manzese, jirani wa kushoto akifungulia singeli ukuta unatetemeka, ila wa kulia akiweka kaswida ninayoijua kwa moyo, hata kwa sauti ndogo kiasi gani, naifuata, kwa sababu najua kila neno linaangukia wapi. Risiva nayo inafanya hivohivo. Biti moja ya ujumbe unaizidisha na mfuatano wa chipu nyingi (chipu hapa ni alama fupi ya +1 au -1), nguvu inasambaa kwenye masafa mapana mpaka inazama chini ya kelele, afu anayeujua mfuatano anazidisha tena na kujumlisha, biti inaibuka. Ukitumia chipu 1023 kwa biti moja unapata faida ya kama desibeli 30, yaani mara elfu moja. Bodaboda anayefuata ramani kwenye simu pale Ubungo anapokea GPS kutoka setilaiti zilizo juu kilomita 20,000 na ushee, na mawimbi yake yakifika kwenye simu yako chini ya kelele kabisa.

Sasa shida iko kwenye mfuatano wenyewe. Ule wa kiraia wa GPS uko wazi na unajirudia kila milisekunde moja, na hilo halina tatizo maana haukuwekwa kuficha kitu. Ila ukitaka siri, rejista ya kawaida ya hatua 10 (saketi inayosogeza biti na kuzalisha mfuatano) itakupa chipu 1023 kisha inaanza upya, na mtu akinasa 20 tu zilizofuatana bila makosa anakokotoa zote zilizobaki.

Hapo ndo watu wanaikimbilia keosi. Chukua namba kati ya 0 na 1, izidishe na kile kinachobaki kufika 1, zidisha na 4, rudia. Ukianza na 0.3 unapata 0.84, afu 0.5376, afu 0.9943, afu 0.0225. Hakuna bahati nasibu hapo, ni hesabu ya darasani, lakini we anza na 0.300001 uone: tofauti inakua kwa wastani mara mbili kila hatua, na baada ya hatua kama 20 mifuatano miwili haijuani tena. Ikizidi nusu andika chipu ya +1, ikipungua andika -1, tayari una mfuatano, na kila namba ya kuanzia inakupa wa kwake.

Nilipoiona mara ya kwanza sikulala, nilidhani nimepata kufuli lisilofunguka, kumbe kuna kitu nilichelewa kukielewa na ndo kiini cha post hii. Hiyohiyo tofauti inayokua mara mbili ukiisoma kinyumenyume inakuumbua, kwa sababu kila chipu inayotoka inamwambia msikilizaji namba ya kuanzia iko kwenye nusu ipi ya eneo lililobaki. Chipu 20 safi zinamfikisha karibu na milioni moja ya kipimo chote, yaani funguo yako unaitangaza mwenyewe kidogokidogo.

Na si hesabu hii peke yake. Mwaka 1990 Pecora na Carroll wa maabara ya jeshi la maji la Marekani walionyesha kuwa mifumo miwili ya keosi inaweza kwenda sambamba ukimpa mmoja sehemu tu ya mawimbi ya mwenzake, na 1993 Cuomo na Oppenheim wa MIT wakaficha sauti ndani ya saketi ya Lorenz (saketi inayotoa mawimbi ya keosi) na kuitoa upande wa pili. Raha tupu! Mwaka uliofuata tu Kevin Short akaonyesha kwamba ukiyatabiri yale mawimbi kisha ukayatoa, ujumbe unabaki peupe bila kuwa na saketi ya pili. Mwaka 2005 leza za keosi zilipitisha data ya kasi ya gigabiti kwenye kilomita 120 za faiba mjini Athens, lakini faiba ni tulivu. Hewani kule Posta mawimbi yanagonga ghorofa na kurudi, risiva inapoteza mwendo. Kuna njia inaitwa DCSK, unatuma kipande cha keosi kisha unakirudia kama kilivyo au kimegeuzwa, hapo huhitaji kwenda sambamba, inavumilia vizuri sana, ila nusu ya nguvu inaishia kwenye kile kipande cha mwanzo na yeyote anayejua mpangilio anasoma.

Halafu kompyuta. Nilipoiandika kwa biti 16 kwenye bodi ndogo, namba zinazowezekana ziko 65,536 tu, lazima zijirudie, na yangu iliingia kwenye mzunguko baada ya hatua mia kadhaa. Kibaya zaidi ikigusa 0.5 inaenda 1, kisha 0, na kwenye sifuri haitoki. Niliona kwenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi) mstari umelala tambarare, nikadhani waya umechomoka.

Kwa hiyo na yule kijana tunafanya hivi: ujumbe unasimbwa kwanza kwa AES (njia ya kusimba inayotumika sana duniani), keosi inatawanya tu, kwa biti 64, na kila baada ya chipu kadhaa namba inasukumwa kidogo na biti zinazotoka kwenye AES hiyohiyo kwa funguo nyingine, hivo anayenasa chipu 20 anajua 20 hizo na si zaidi ya pale msukumo unapoingia. Bodi mbili tumeziunganisha kwa kebo na atenyueta (kipunguza nguvu ya mawimbi) katikati maana leseni ya masafa kutoka TCRA (mamlaka ya mawasiliano) hatuna, na juzi usiku tulishusha nguvu mpaka kwenye spekta (picha ya nguvu kwa kila masafa) huoni kitu, kelele tu, lakini herufi zilikuwa zinaandikwa kwenye laptopu ya pili moja baada ya nyingine.