Kwa nini Eisenhower hakumtumbua Faubus

Nafundisha historia ya Marekani, na kila nikifika 1957, mwaka ambao gavana wa Arkansas, Orval Faubus, aliwazuia wanafunzi weusi kuingia shule ya weupe, swali ni lile lile: "Mwalimu, si rais angemtumbua tu huyo Faubus?" Asingeweza. Gavana wa Arkansas si mkuu wa mkoa. Hateuliwi na rais, wala uteuzi wake hautenguliwi Washington. Wa kumng'oa ni bunge la jimbo au wapiga kura, na wapiga kura walimpa Orval Faubus mihula sita ya miaka miwili miwili, 1955 hadi 1967.

Wakenya, mnaochagua magavana tangu 2013, msicheke. Ninyi ndio mnaoniambia Faubus alitumia "jeshi la Washington". Hapo ndipo damu inanichemka! Gadi ya Taifa ni askari wa akiba wa jimbo. Amri yao hutoka kwa gavana, mpaka rais awachukue chini ya amri yake. Septemba 4 Faubus aliwatumia kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie Central High, sekondari ya weupe mjini Little Rock. Elizabeth Eckford, miaka 15, alifika peke yake. Aliona wenzake weupe wakipishwa. Alipofika yeye, njia ikazibwa. Akaenda kituo cha basi huku umati ukimfuata kwa matusi.

Septemba 24 Eisenhower aliichukua Gadi yote ya Arkansas, akaleta na askari wa miamvuli wa Divisheni ya 101, hao ndio jeshi la Washington. Gadi ile ile iliyomzuia binti yule sasa ilikuwa chini ya amri ya kumlinda. Faubus alipokonywa askari tu. Kiti alibaki nacho.

Alikuwa mbaguzi wa moyoni, au mchuuzi wa kura? Vitabu vingi vya shule hulipita hili kimya kimya. Baba yake, Sam, alikuwa mjamaa, akampa mwanawe jina la pili Eugene kwa heshima ya Eugene Debs, kiongozi wa wajamaa wa Marekani. Mwaka 1955 mji wa Hoxie, Arkansas, ulipowachanganya weusi na weupe katika shule zake, wabaguzi walipiga kelele, gavana hakuingilia. Ndiyo maana huwa naegemea kwenye kura. Lakini Septemba 1958 alizifunga sekondari za Little Rock ili weusi wasisome na weupe, zikakaa hivyo mwaka mzima wa masomo, wakati Julai alikuwa ameshashinda mchujo wa chama chake cha Democratic, na Arkansas ya siku zile ukishinda mchujo huo umeshinda uchaguzi. Kura gani tena alikuwa anatafuta?